Za Kwangu Katupe

“Saa hizi ni za nani?”

Niliuliza hivyo kwa sauti ya kusikika, mbele ya watu wazima watatu, na hakuna aliyenijibu.

Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Kila anayeisikia habari hii hunikatiza katikati na kuniambia, kwa ile sauti ya watu wenye hekima za baadaye, “Lakini si mngeuliza kwanza?” Tuliuliza. Mimi niliuliza. Swali lilikuwa fupi, la wazi, halina fumbo. Waliochagua kucheka ni wao.

Na wale wanaosema, “Msomi mzima unaamini mambo haya?” nao nawajibu mapema. Mwaka jana nilisimama katika ukumbi wa chuo, upande wa kupinga, nikasema uchawi ni jina la heshima tunaloupa woga wetu. Watu walipiga meza. Tulishinda mdahalo ule. Kwa hiyo msinifundishe kutoamini. Nilikuwa bingwa wa kutoamini.

Jioni ile mama alinituma gereji. Baba alikuwa amesahau simu yake kwenye dirisha la jikoni, na ilikuwa inaita mpaka inajisogeza yenyewe kuelekea kwenye sinki. “Mpelekee mwenyewe,” mama akasema, “kabla haijaoga.”

Kazi ya baba ni kuhamisha watu. Mtu akipata chumba kipya, akigombana na mwenye nyumba, akioa au akiachwa, humpigia baba, naye hufika na pikapu yake, akapakia kitanda, kabati, masufuria na machozi kama yapo. Pikapu ile imenizidi umri. Mama husema yeye ni mke wa pili, mke mkubwa analala nje.

Sasa, fundi wa magari akisema “saa”, hasemi ile ya mkononi wala ya ukutani. Anasema vile vioo vya duara vilivyo nyuma ya usukani, vyenye mishale. Saa ya spidi, saa ya mafuta, saa ya joto la injini. Zote kwa pamoja, na kisanduku kinachozibeba, wanaziita saa tu. “Gari yako imekufa saa.” “Hapa ni kubadilisha saa.” Ni lugha ya gereji. Kila mtu pale anaijua, na ndiyo maana hakuna anayeifikiria.

Saa za pikapu ya baba zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine. Kwanza spidi, mshale ukalala usiamke tena. Halafu joto. Ya mafuta ndiyo iliyokuwa kichekesho, maana ilionyesha tanki limejaa siku zote, hata gari likizima katikati ya barabara kwa kiu. Baba akachonga kijiti chembamba cha kupimia. Hukitumbukiza ndani ya tanki, hukichomoa, hukiinua kwenye mwanga na kukikodolea macho kama daktari anayesoma kipimajoto. Kisha hukirudisha nyuma ya sikio. Kijiti kile alitembea nacho hata kwenye harusi.

Nilifika gereji jua likiwa limeshakaa juu ya mabati. Dashibodi ya pikapu ilikuwa wazi, shimo jeusi, nyaya zikining’inia kama utumbo wa kuku. Saa za zamani zilikuwa chini, karibu na gurudumu, kioo kimepasuka kona ya kushoto. Fundi umeme, ambaye sote tunamwita Waya kwa sababu hajawahi kuonekana bila kipande cha waya mdomoni, alikuwa amejipinda ndani ya mlango, miguu tu ndiyo iko nje.

“Shikamoo, baba. Simu yako hii.”

“Marahaba, Mheshimiwa!” Baba huniita hivyo tangu nijiunge na chama cha midahalo. “Waya, toka huko usimame. Serikali imefika.”

“Mwambie aniletee kwanza umeme,” Waya akajibu kutoka ndani.

Ndipo nilipomwona yule mwanamke.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti. Mtu mzima, umri wa mama au kumzidi. Kulikuwa na joto la kukausha mate, lakini yeye alivaa sweta, vifungo vyote mpaka shingoni. Na alinuka… si vibaya. Alinuka usafi. Usafi ule wa wodini, wa dawa ya kuoshea vidonda na shuka zilizochemshwa.

“Shikamoo, mama.”

Kimya.

Hakuitikia kwa neno wala kwa kichwa. Nimelelewa kujua kwamba mtu mzima asiyeitikia shikamoo ama ni kiziwi, ama ana lake moyoni. Hakuwa kiziwi.

Juu ya boneti palitandazwa taulo jeupe, na juu ya taulo kulikuwa na saa. Safi, kioo kinang’aa, duara nne badala ya tatu.

“Umeona mambo hayo?” Waya alitoka, akaziinua kwa vidole viwili kama mtu anayeshika keki. “Gari ni aina ileile, lakini hizi ni za toleo la juu. Zina mpaka saa ya mizunguko ya injini. Soketi ni zilezile, sikati waya hata mmoja. Mzee, unapanda cheo.”

Hapo ndipo nilipouliza.

“Saa hizi ni za nani?”

Baba alitazama mbinguni. “Saa hizi? Saa hizi ni za magharibi, mwanangu. Za watu kurudi makwao.”

Waya alicheka mpaka waya ukamdondoka. Hata mimi nilitabasamu, maana baba ni baba. Yeye hufanya mzaha hata msibani. Lakini mwanamke hakucheka. Alisogea hatua moja, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza kando ya wagonjwa:

“Azichukue mwenye gari. Kwa mdomo wake.”

“Mwenye gari ndiye mimi, mama,” baba akasema, akainamisha kichwa kama bwana harusi. “Saa zangu zimekwisha. Nipe hizi. Za kwangu katupe.”

“Sema tena.”

“Nimesema saa zangu zimekwisha, nipe hizi, za kwangu katupe! Au niimbe?”

Mwanamke akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, macho ya mtu asiyelala kitandani kwake siku nyingi.

“Umesikia?”

“Nimesikia,” nikasema. Ningesemaje? Nina masikio.

Aliinama. Akaokota saa za zamani za baba. Akafuta vumbi kwenye kioo kilichopasuka kwa mkono wa sweta, taratibu, akazifunga ndani ya lile taulo, akaziweka kifuani, kiganja kimoja chini na kingine juu, kama mtu anavyombeba mtoto ambaye shingo yake bado haijakaza.

Baba alipotia mkono mfukoni, mwanamke alikuwa ameshavuka lango.

“Mbona amechukua mbovu?” nikamuuliza Waya.

“Mheshimiwa, kila kibovu kina mwenyewe,” akasema, akarudi ndani ya dashibodi.

* * *

Tulirudi nyumbani pamoja. Saa mpya ziliwaka mwanga wa kijani, baridi, unaopanda kidevuni mwa baba na kumfanya afanane na picha ya mtu mwingine. Alikuwa na furaha ya kitoto. Alijaza mafuta, akapima kwa kijiti kwa mazoea tu, kikatoka kimelowa mpaka juu. Mshale wa saa mpya nao ulisimama pale pa kujaa. “Umeona? Haudanganyi,” akasema. “Nimepata saa yenye adabu.”

Kisha tukakwama kwenye foleni. Mbele lori, nyuma lori. Hatusogei.

Nilikuwa natazama dirishani niliposikia.

Tik… tik… tik…

“Baba, unakwenda wapi kushoto?”

“Kushoto gani?”

“Umewasha indiketa.”

“Sijagusa kitu.”

Nikageuka. Mshale mdogo wa kijani ulikuwa unapepesa. Kushoto. Na chini yake, mshale wa spidi ulikuwa unapanda.

Tulikuwa tumesimama. Nilikuwa naona jiwe kando ya gurudumu, jiwe lilelile. Lakini mshale ulipanda, taratibu kwanza, halafu kwa pupa, na saa ya mizunguko nayo ikainuka, na kutoka nyuma ya kioo kile nikasikia kitu… mbali… kama redio iliyofunikwa mto. Upepo. Mvua juu ya bati la gari. Mtu anavuta pumzi.

Nje kulikuwa kukavu.

Halafu matairi yakalia. Si yetu.

Mshale wa spidi haukushuka. Ulianguka. Kutoka juu mpaka sifuri, kwa kishindo kidogo, kama kichwa kinachogonga mezani.

Baba akakohoa mara moja. Akafuta mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja kile, akakificha chini ya paja.

“Baba?”

Hakufanya mzaha. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, maana sikuwahi kumwona baba akikosa neno. Nikainua macho. Mshale wa mafuta ulikuwa umeteremka kutoka pale pa kujaa. Kidogo tu. Kama mtu aliyerudi nyuma nusu hatua.

Tulipofika nyumbani alitumbukiza kijiti. Kikatoka kimelowa mpaka juu, kama mwanzo.

Tanki lilikuwa limejaa. Kilichopungua kilikuwa kitu kingine.

* * *

Kesho yake jua lilipozama, baba alikuwa sebuleni akimsimulia mama habari za mteja aliyehama na mlango wa nyumba ya watu. Ufunguo wa pikapu ulikuwa ukutani, kwenye msumari wake. Niliuona kwa macho yangu.

Pazia la dirisha likageuka kijani.

Tik… tik… tik…

“Nani yuko kwenye gari?” mama akauliza.

Baba alinyamaza katikati ya neno. Mdomo wazi, mkono hewani. Macho yake yalikuwa yanatazama mbele, mbali, kama mtu anayefuata barabara. Kidole chake cha kati kilikuwa kinagonga goti, sambamba na ile sauti ya nje. Mama akamshika bega, akamwita kwa jina la ujana, akamtingisha. Baba akasema, si kwa sauti yake ya kawaida:

“Mwambie apunguze. Hii kona mimi siijui.”

Kisha kichwa kikamwangukia kifuani, puu, na damu nyembamba ikamtoka puani.

Nilikimbia nje. Pikapu ilikuwa imezimwa, milango imefungwa. Ndani, taa za saa zilikuwa zinafifia polepole. Mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka tena. Na ndani ya gari lile lililozoea kunuka mbao na jasho la wabeba mizigo, harufu ilikuwa ya wodini.

Ikawa hivyo kila magharibi. Safari ileile, kona ileile, mwanguko uleule. Kila mara baba aliamka amepungua. Miguu ikawa baridi mpaka magotini. Tulimpeleka hospitali, wakapima kila kinachopimika, wakasema ni uchovu, apumzike. Majirani nao walikuwa na majibu. Mmoja alisema ni betri. Mwingine alisema mzee ameanza kunywa kwa siri. Nilimjibu huyo mpaka mkewe akafunga dirisha.

Mama hakusema mengi. Alikaa pembeni ya kitanda akimsugua baba nyayo, na siku moja bila kunitazama akaniuliza, “Alisema nini pale gereji? Neno kwa neno.”

Nikamwambia. Neno kwa neno.

Mikono yake ikasimama.

“Saa zangu zimekwisha,” akarudia polepole. “Mwanangu… baba yako amejitabiria nini?”

“Mama, alikuwa anazungumzia gari!”

“Wewe unajua hivyo. Na mimi najua hivyo.” Akashusha sauti. “Aliyekuwa anasikiliza je?”



Nikamleta Waya. Nilimleta kwa nguvu, nusu kwa maneno na nusu kwa kola. “Zitoe,” nikamwambia. “Rudisha shimo. Baba ataendesha kwa kijiti chake kama zamani.”

“Mheshimiwa, punguza jazba. Kutoa saa ni skrubu nne.”

Alifungua skrubu. Akachomoa soketi, moja, nyingine. Akaenda mbele akaondoa vichwa vya betri, akarudi akipangusa mikono, anapiga mluzi. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya nyumba. Akazishika zile saa mikononi, hazikuunganishwa na waya wowote, nyuma yake tupu kabisa…

Zikawaka.

Mluzi ukakatika. Mwanga wa kijani ukampanda usoni. Tik… tik… Mshale ukaanza kupanda mikononi mwake. Ndani ya nyumba nilimsikia mama akilia jina la baba.

Waya hakuzitupa. Nampa haki yake. Alizirudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku mkali, akaingiza soketi, akatoka, akaurudisha mlango bila kuubamiza.

“Dada,” akasema. Hakuniita Mheshimiwa. “Mimi ni fundi umeme. Hapa hakuna umeme.”

Akaondoka. Aliacha bisibisi yake na hajaifuata mpaka leo.

* * *

Mshale wa mafuta ulikuwa umebakiza upana wa ukucha kabla ya mstari mwekundu.

Jioni ile nilikaa nje, juu ya ndoo iliyofudikizwa, mbele ya pikapu. Nilikuwa na nyundo mapajani. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ilikuwa inaniwekea woga pembeni.

Mwanga ulipoanza kuchoka, harufu ikaja kwanza.

Kisha nikamwona. Hakuingia langoni, au aliingia na mimi sikusikia. Alikuwa ameshasimama kwenye dirisha la dereva, paji la uso limegusa kioo, viganja viwili pembeni mwa macho, anachungulia ndani. Sweta lilelile.

“Umefuata nini hapa?” nikanong’ona. Sauti kubwa ilikataa kutoka.

“Naangalia imebaki kiasi gani.”

Alisema hivyo kama mpishi anayefunua sufuria.

“Za nani, mama? Nilikuuliza siku ile.”

“Za mwanangu.” Hakugeuka. “Gari lilimshinda kwenye kona. Mvua. Alilala hapohapo, hajaamka. Wenye makoti meupe wakaniambia, mama, saa zake zimekwisha, mwache aende. Nikasema mimi simwachi. Kama zimekwisha, nitamtafutia nyingine.”

“Kwa baba yangu!”

“Kwa aliyezikubali.” Akavuta pumzi, na sauti ikalainika, ikawa ya mama yeyote anayesifu mwanawe dirishani. “Jana amefumbua macho. Amesema. Unajua kitu cha kwanza alichoomba? Kijiti.”



“Kijiti gani?”

“Hata mimi nilimuuliza. Akasema, cha kupimia mafuta. Kilikuwa hapa nyuma ya sikio, nani amekichukua?” Akacheka kidogo, puani. “Mwanangu hajawahi kupima mafuta kwa kijiti maisha yake yote.”

Tik… tik… tik…

Zilikuwa zimewaka. Uso wake ukawa kijani. Ndani ya nyumba mama aliita, “Njoo! Njoo umshike!” Sikwenda. Nilijua kwamba nikiondoka pale sitamkuta tena.

“Nani alikufundisha mambo haya?”

“Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.”

“Na uchungu wa mzazi aujuaye mwana!” Nikasimama, nyundo ikaanguka. “Mama, nisikilize. Baba hakukubali kitu. Alisema saa za gari. Ni neno la gereji, lina maana mbili, wewe umeichukua uitakayo. Makubaliano gani hayo, mmoja anajua na mwingine anacheka?”

“Alitaja gari?”

“Kila mtu pale alijua…”

“Alitaja gari?”

Mshale wa spidi ulikuwa unapanda. Niliyapitia maneno ya baba kichwani. Saa zangu zimekwisha. Nipe hizi. Hakutaja gari. Hakulitaja.

“Neno ni neno,” akanong’ona. “Nilimwambia aseme tena, akasema tena. Nikakuuliza wewe kama umesikia. Ukasema umesikia. Shahidi ni wewe.”

Mvua ndani ya kioo. Pumzi. Mshale wa mafuta ukaanza kutetemeka, ukielekea kwenye mstari mwekundu, na nikaelewa kwamba jioni hii hauna pa kurudi.

Ukumbini tunafundishwa jambo moja. Ukishindwa kuivunja kanuni ya mpinzani wako, ikubali yote, halafu mfunge nayo.

“Sawa,” nikasema. “Neno ni neno. Mimi ni shahidi, na nimesikia. Alisema zake zimekwisha. Alisema umpe hizi, na umempa. Halafu alisema nini?”

Akageuka. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

“Sema, mama. Neno kwa neno. Saa zake za zamani ulizozibeba, alikuambia uzifanye nini?”

Midomo yake ilisogea bila sauti.

“Sema tena!”

“Za kwangu…” akasema. “Za kwangu katupe.”

“Umezitupa?”

Kimya.

“Hukuzitupa. Umempa mwanao. Nani alikuambia umpe mwanao? Wapi baba alisema hivyo? Neno ni neno, mama!”

Tik.

Ikanyamaza. Mishale yote ikasimama palepale ilipokuwa, angani, kama watu walioitwa ghafla. Ule wa mafuta uligota juu ya mstari mwekundu, ukiugusa bila kuuvuka. Na ndani ya nyumba, mama akapiga yowe ambalo sikulielewa mpaka nilipolisikia tena: “Ameinuka! Ameketi!”

Nitasema ukweli. Nilitabasamu.

“Umesema kweli,” mwanamke akasema. Mabega yake yalikuwa yameshuka, ghafla akawa mzee sana. “Sikutimiza.”

Akaanza kufunga vizuri sweta lake, ingawa vifungo vyote vilikuwa vimefungwa.

“Naenda kuzitupa.”

Tabasamu likanikauka.

“Hapana… hapana, mama. Zirudishe. Zilete hapa.”

“Hakusema zirudishwe.”

“Nasema mimi!”

“Wewe ni shahidi.” Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kukunja uso, kama maji ya bomba lililovuja. “Unajua unaniambia nikafanye nini wodini, mwanangu? Unajua nitakuta nani ameketi kitandani, ananisubiri?”

Nilimshika mkono. Mkono wa sweta ulikuwa mtupu katikati na baridi kama chuma cha asubuhi, nikauachia kabla sijaamua kuuachia. Akaondoka. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikipiga kelele usitupe, usitupe, nafuta hoja yangu, usitupe… Wapita njia walisimama kunitazama. Mbele yao hapakuwa na mtu wa sweta.

* * *

Baba yu hai. Anakula, anatembea mpaka mlangoni. Pikapu haijatoka tangu siku ile, wala hakuna anayethubutu kugusa saa zile. Mshale umegota palepale, juu ya mstari. Saa haziwaki tena jioni.

Nilikwenda hospitali. Nilizunguka wodi hadi wodi nikimwelezea kijana aliyeamka baada ya kulala muda mrefu, mama yake anavaa sweta. Muuguzi mmoja aliacha alichokuwa akiandika alipolisikia hilo la sweta. Akanionyesha kitanda kilichotandikwa upya, shuka mpya, mto mpya. Nikamuuliza kijana amekwenda wapi. Akaniuliza kama mimi ni ndugu. Nikasema hapana. Akasema basi hawezi kunijibu. Na mama yake je? Akasema, “Mama gani? Yule alikuwa naye ndani ya gari, hakutoka hai,” kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akaondoka haraka.

Wenye hekima za baadaye husema basi limekwisha, mshukuru. Halijakwisha. Mwanamke yule alikwenda kuzitupa, na mimi sijui wapi. Lakini baba anajua, bila kujua kwamba anajua. Mvua iliponyesha siku tatu mfululizo alikaa amejikunyata, anasema maji yanaingia masikioni, na ngozi ya vidole vyake ikakunjamana kama ya mfua nguo. Siku nyingine aliamka na alama mgongoni, za kwato au za meno, kitu kilichopita juu yake kikitafuta chakula.

Na tangu juzi anasikia joto. Anavua shati. Anasema kuna mtu, si mbali, anakusanya takataka mahali pamoja. Anasema ananusa plastiki inayoanza kuungua, na anatuomba tufungue madirisha, na madirisha yote yako wazi.

Kwa hiyo sina hoja leo. Nina ombi.

Kama umepita jalalani, au mtaroni, au nyuma ya ukuta wa watu, ukaona saa za gari kuukuu ndani ya taulo lililokuwa jeupe, kioo kimepasuka kona ya kushoto, mshale wa mafuta umelala pale pa kujaa: usizichome. Usizifunge kwenye gari lako, hata kama zinaingia. Ukiziinua, usiseme neno, hata la mzaha, hata la asante.

Zibebe kwa mikono miwili, uniletee.

Tafadhali. Ukiona moshi, anza na huo.